Muulize Shangazi: Shemeji Kaniandalia Mnada

*Shangazi, shikamoo. Mwezi ujao nakwenda ukweni Singida Mjini, na nitakuwa na siku moja tu ya kutembea. Shemeji ameshaamua: atanipeleka mnadani. Mimi nakaa jirani na Kariakoo. Ndala, sufuria na mitumba naviona kila siku bila kulipa nauli. Nijisingizie tumbo? – Mkwe Mchovu, Ilala*

Marahaba, mwanangu. Tumbo liache kama lilivyo. Ukweni, tumbo la uongo hutibiwa kwa uji wa ulezi asubuhi na jioni mpaka siku ya kuondoka, na habari za mnada ulivyonoga utasimuliwa ukiwa umejifunika blanketi. Nenda. Nusu ya malalamiko yako ni ya kweli: ndala na sufuria zinazotandazwa kwenye turubai mnadani zimetoka huko huko kwako, tena zimeongezewa nauli. Upande huo upite bila kugeuza shingo. Safari yako ni ya kule kwenye mifugo na nafaka, maana kule kuna kitu ambacho duka la Kariakoo halikuonyeshi: bei kabla haijakubaliwa. Mtazame mnunuzi wa mbuzi. Hasemi kitu. Anambinya mgongoni karibu na kiuno apime nyama, anamfunua midomo aone meno, kisha anataja bei ya matusi. Mwenye mbuzi anaangalia pembeni kama hakusikia. Dalali anajipenyeza kati, anamnong'oneza huyu, anamnong'oneza yule, na mbuzi akishapata mwenyewe mpya bado kuna ushuru wa halmashauri unaosubiri. Ng'ombe wa Kanda ya Kati hupakiwa kwenye malori mpaka mnada wa Pugu, kwa hiyo supu unayokunywa Dar es Salaam huenda ilianzia kwenye vumbi hilo hilo unalolikimbia.

Utasema kama ni kilimo na ufugaji, si bora kusubiri Nane Nane? Subiri, ila usisubirie Singida. Maonesho ya Kanda ya Kati, yaani mikoa ya Dodoma na Singida, hufanyika Nzuguni, Dodoma, kama kilomita 240 kutoka kwa wakwe zako. Na hata ukifika, boga utakalolikuta bandani limechaguliwa katika shamba zima. Ndiyo maana limepewa meza na kitambaa. Sina ugomvi na maonesho. Mkulima anayetafuta mbegu ya alizeti au mashine ya kukamua mafuta atapata cha kumfaa. Lakini mgeni anayetaka kujua watu wanaishije, boga la mezani halimwambii mwaka umekwendaje. Mnada unamwambia. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Baada ya mavuno nafaka inakuwa tele na mwenye mbuzi hana haraka ya kuuza. Ikifika Januari na Februari akiba imekwisha, kila mmoja anaswaga mnyama wake kutafuta pesa ya unga, na bei ya mbuzi inashuka huku ya mahindi ikipanda. Mnada ni daftari la mwaka mzima, na hata mtu wa Ilala anaweza kulisoma: uliza bei ya mbuzi, uliza bei ya debe la mahindi, gawanya. Mbuzi mmoja akizaa madebe mengi, ukweni wanakula vizuri. Yakiwa machache, usiombe kuongezewa ugali.

Pingamizi ambalo silidharau ni hili la kupigwa bei. Mgeni hupigwa, tusidanganyane. Muuza kuku wa kienyeji akisikia lafudhi ya Dar, kuku anapanda thamani akiwa bado kaning'inia miguu juu. Mwachie shemeji maneno. Wewe simama nyuma na uso wa mtu asiye na pesa, jambo ambalo kwa mkwe si kazi ngumu. Gunia la vitunguu nalo usilinunue kwa macho. Lile lililoshonewa wavu juu ya mdomo mpaka likaota kichogo ndiyo lumbesa. Linamnufaisha mnunuzi wa jumla na kumuumiza mkulima, na sheria ya vipimo hairuhusu gunia lizidi kilo 100. Ukitaka vitunguu vya kubeba, soko la Misuna liko mjini pale pale. Hata maziwa ya Singidani na Kindai yamo ndani ya manispaa, utayatazama jioni ukirudi. Hayo hayana siku yake. Mnada unayo, na ukikupita ndiyo umekupita. Tamasha la maturubai na spika, lenye bidhaa za dukani zilizohamishiwa barabarani, hilo ndilo ungeniandikia kuhusu tumbo nikakusaidia kuugua.

*Shangazi, huo mnada unaousifu umenitia umaskini. Mume wangu akienda harudi mikono mitupu. Sasa tuna majogoo watano katika chumba kimoja. – Mama Asiyelala, Mandewa*

Pole, mwanangu. Nilimshauri mgeni aende akaulize bei, sikusema anunue. Majogoo wanne wapeleke mnada ujao, uende wewe mwenyewe, naye abaki nyumbani na wa tano.