Mfumo Haujui Nusu Nondo

Tangu bosi arudi kutoka kwenye harusi ya mtoto wa mfanyabiashara mwenzake, sina amani ofisini. Walimkalisha meza moja na mzee mmoja muuza matairi, na yule mzee, hata pilau haijafika, akatoa simu akamwonyesha mauzo ya siku ile, matairi yaliyobaki stoo na wadaiwa wake kwa majina. Bosi wetu majibu ya namna hiyo huyapata kwa kupiga simu kila kona na kufoka. Jumatatu asubuhi akaniita. "Mhasibu, tafuta mfumo." Mfumo gani, wa bei gani, wa kufanya nini, hakusema. "Kama ule wa mzee wa matairi." Na kwa kuwa mimi ndiye ninayefungua Excel bila kuita mtu, nikawa mwenyekiti wa kamati ya kuchagua mfumo. Wajumbe hakuna. Posho hakuna.

Sisi tunauza vifaa vya ujenzi pale Gerezani, jumla na rejareja: nondo, bati, saruji, misumari, rangi, mabomba. Si wakubwa wala si machinga. Tuko pale katikati, ambapo TRA inakujua vizuri sana na benki inakujua kidogo. Hesabu zetu zinakaa sehemu nne. Kuna Excel yangu. Kuna daftari kubwa la Mama, mke wa bosi, anayekaa kaunta na kushika madeni yote ya mali kauli. Kuna kichwa cha mtunza stoo, ambacho hakijawahi kufanyiwa ukaguzi. Na kuna simu ya bosi, zinakoingia meseji za lipa namba. Kila mwisho wa mwezi nazikalisha mkekani hizo nne kama wanandoa waliogombana, na kila mwisho wa mwezi zinaondoka zimenuniana.

Mfumo anaoutaka bosi ni ule wanaouita ERP, jina ambalo kampuni ya utafiti ya Gartner ililitoa mwaka 1990. Kazi yake ukiieleza kwa mtu aliyekaa kibarazani ni nyepesi: manunuzi, stoo, mauzo, madeni, mishahara na hesabu zote ziwe kwenye kitabu kimoja, karani akiuza mfuko mmoja wa saruji kaunta, stoo ipungue, hesabu ijue na kodi ijihesabu hapohapo. Mizizi yake iko kwenye viwanda vya Marekani vya miaka ya 1960, vilivyotaka kompyuta iwaambie vipuri gani viagizwe na lini. Mwaka 1972 vijana watano waliotoka IBM wakaanzisha SAP kule Ujerumani, na hadi leo makampuni makubwa duniani yanalala na kuamka na mfumo wao. Yaani kitu kilizaliwa kiwandani, kati ya watu wanaoingia kazini kwa king'ora. Sasa tunakileta kwa Mama.

Wauza mifumo ni rahisi kupatikana. Ukimpigia mmoja, wenzake wananusa. Wa kwanza alikuja na suti ya bluu iliyombana, projekta na maji yake mwenyewe ya chupa. Akaomba ukuta mweupe. Ukuta gani? Duka letu lina rafu, na pasipo na rafu pana bati. Basi akamulika kwenye bati. Grafu ya mauzo ikaja na mawimbi, mwezi wa tatu ukapanda juu kuliko wa nne kwa sababu ya mkunjo, na bosi akasisimka: "Unaona Machi ilivyokuwa nzuri!"

Sasa, ndugu msomaji, ukienda kuonyeshwa mfumo popote, itazame vizuri ile kampuni ya mfano. Ni kampuni ya peponi. Inauza viti vya ofisi, rangi mbili tu. Wateja wake wote wana anwani. Wanalipa siku ya 30 bila kukumbushwa. Hakuna aliyerudisha kiti akidai kilipinda kikiwa kwenye bodaboda, hakuna shemeji aliyechukua viwili akasema "niandikie," na umeme haukatiki. Ukiwa na kampuni kama ile huhitaji mfumo, unahitaji kulala.

Mtunza stoo, aliyekuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, akauliza swali moja tu. "Kijana wangu, mteja akitaka nusu nondo?"

Nondo ni mita 12. Fundi anayejenga banda la kuku hahitaji mita 12, anakatiwa nusu na maisha yanaendelea. Kijana akatabasamu, akaandika nukta tano mbele ya sifuri, mfumo ukakubali. Makofi. Mtunza stoo akasema haya, kata nyingine nusu, ya mteja mwingine, lakini yeye anataka ikatwe kwenye nondo mpya kwa sababu ile iliyobaki ina kutu. Akakata. "Sasa niambie nina nondo ngapi nzima." Mfumo ukajumlisha nusu na nusu, ukatangaza kwa furaha kwamba kuna nondo moja nzima zaidi. Stoo kuna vipande viwili vya mita sita. Nenda kamfungie mtu nguzo ya ghorofa kwa vipande viwili, halafu umwonyeshe grafu.

Kijana akasema inawezekana kusajili nusu nondo kama bidhaa ya pili. Robo je? Ya tatu. Na misumari, tunayonunua kwa katoni, tunauza kwa kilo, tunapima kwa mizani, halafu Mama anamwongezea fundi konzi moja ili arudi tena kesho? Kijana akatafuta kwenye menyu, akatoka na "punguzo kwa mteja". Si punguzo, bei ni ileile. Ni nyongeza. Konzi moja mara mafundi wa mwaka mzima si kitu kidogo, na hakuna mahali pa kuiandika. Rangi sikuitaja kabisa, tulivyokuwa tunachelewa chakula.

Nashikilia kwamba swali la mtunza stoo lina thamani kuliko makabrasha yote waliyotuachia. Kuna watu wanachagua mfumo kwa kuhesabu vitu unavyoweza kufanya, na vipeperushi vya wauzaji vimejaa vitu hivyo, hadi kupanga safari za ndege za wafanyakazi. Mimi nawaambia mpeni muuzaji muamala wenu mmoja mbaya kuliko yote, ule unaowagombanisha kila wiki, aufanye mbele yenu kwa mkono wake, kuanzia mzigo unaingia hadi pesa inaingia. Akishindwa, mpeni soda aende.

Mama naye alikuwa na lake. Kijana alimwomba ataje, kwa kila mteja, ukomo wa mkopo. Mama akavua miwani. "Ukomo ni mimi nikimtazama usoni." Nimewahi kulisoma lile daftari. Pembeni ya majina kuna maneno: "msumbufu lakini hulipa," "usimpe bila mkewe kujua," "korosho zikiuzwa." Mali kauli nusu ya mji huu imejengwa nayo: fundi anachukua bati kwa maneno, anaezeka, mwenye nyumba anamlipa, naye analipa. Mfumo unataka tarehe. "Korosho zikiuzwa" siyo tarehe, ingawa kwa Mama ni ya uhakika kuliko hundi.

Tukaja kwenye bei. Ilikuwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kwa kila mwezi. Bosi akauliza, "Kwa kichwa?" Akaambiwa ndiyo. "Basi tutaingia wote kwa jina la Mama." Nikaeleza kwamba tukifanya hivyo, siku pesa ikipotea atakuwa ameiba Mama. Kimya kikatanda kidogo, kila mtu akalipima hilo jambo kwa namna yake. Nikamkumbusha pia kijana kwamba tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za humu ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Akasema leseni inatoka nje, wao wanatoza shilingi kwa "utekelezaji" tu. Nilipouliza huo utekelezaji ni kiasi gani, ukawa umeipita leseni. Hapo ndipo pesa inapokaa, jamani. Kuna mifumo ya chanzo huria, kama ERPNext ya Wahindi, na Odoo ya Wabelgiji ina toleo lake la bure. Ni kweli, programu ni bure. Anayekuja kuifunga, kuhamisha madeni ya zamani na kumfundisha karani ndiye ana watoto wanaosoma shule za kulipia.

Swali la mashine za risiti za EFD nililiuliza mwenyewe. Zimekuwa nasi tangu 2010, na mfumo usioongea nazo utamfanya karani aandike kila uuzaji mara mbili, halafu tarakimu zikitofautiana mtu wa kuitwa kujieleza ni mimi. "Tunaintegreti," akasema kijana. Vizuri, nani hapa Dar mmemuintegretia, nimpigie simu sasa hivi? Akafungua maji yake ya chupa, akanywa taratibu.

Wa pili alikuja na hoja ya wingu: hamna haja ya seva, kila kitu kipo mtandaoni. Bosi akapenda sana neno wingu. Mimi nikakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikawa ya kuomba dua. Siku zile daftari la Mama liliuza kama kawaida. Sisemi wingu ni baya. Seva iliyo chini ya meza yangu, kati ya ndoo ya deki na feni, nayo ina hatari zake. Nasema muuzaji anijibu tutauzaje mtandao ukizimika saa nne asubuhi lori likiwa mlangoni. Akajibu kwamba "kwa nadra" hutokea. Sikuuliza mara ngapi.

Bosi wakati huo alishakuwa na dawa ya kila tatizo: mfumo ubadilishwe ufuate sisi. Nikamweleza habari ya Lidl, maduka ya vyakula ya Wajerumani. Walianza mwaka 2011 kufunga mfumo wa SAP, na mwaka 2018 wakautupa, pesa iliyoteketea ikikadiriwa kufikia euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl walizoea kuthaminisha mzigo kwa bei ya kununulia, mfumo ulizoea bei ya kuuzia, nao hawakutaka kubadili mazoea yao, wakataka mfumo ndio upindishwe. Nikanyamaza ili maneno yamwingie. Yakamwingia. "Hao Wajerumani," akasema bosi, "walikuwa na haki kabisa. Mzigo unathaminishwa kwa bei ya kununulia."

Nikamjaribu na Hershey, watengeneza chokoleti wa Marekani, ambao mwaka 1999 waliwasha mfumo mpya karibu na msimu wao mkubwa wa peremende, wakashindwa kupeleka maagizo ya dola milioni 100 na bidhaa wanazo kwenye maghala. Mtunza stoo akacheka mpaka akashika rafu. Alikuwa anasubiri hadithi hiyo maisha yake yote.

Na katika kuzunguka huku kote nimeona jambo ambalo wauzaji hawaliandiki kwenye profoma. Kila mtu kwetu anautaka mfumo, lakini wa kumwona mwenzake. Bosi anataka aone stoo na madeni akiwa kitandani, ila zile noti anazochota kwenye droo jioni "hizo za nyumbani, usiziingize." Mama yuko tayari kuacha daftari iwapo ukurasa wa wadaiwa utafunguka kwake peke yake, maana ndani yake kuna ndugu zake. Mtunza stoo haupingi, anasema tu mashine haitajua bati lipi limepinda. Mimi? Excel yangu ina safu zilizofichwa, nazo zina sababu zake. Mei 2023 Kariakoo ilipofunga maduka, miongoni mwa malalamiko makubwa ya wafanyabiashara lilikuwa kutakiwa na serikali kusajili stoo. Humu ndani kwetu hata hatujafika kwenye serikali. Bado tunafichana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo mwenyekiti nimetoa uamuzi wangu wa kwanza na, kwa hali ilivyo, huenda wa mwisho. Hatununui chochote mpaka tuhesabu mzigo: kila nondo, kila kipande, kila katoni iliyofunguliwa, na kila jina lililo kwenye daftari na kiasi anachodaiwa. Mfumo wowote utaanza na hesabu hiyo, na ukianza na uongo utaujumlisha uongo huo kwa kasi ya ajabu. Nikaitangaza Jumapili kuwa siku ya kazi.

Mtunza stoo amegundua ana harusi ya mpwa wake huko Muheza, Jumapili hiyohiyo. Mama anasema daftari liko nyumbani, na funguo ya kabati anayo dada wa kazi, ambaye ameenda kwao. Bosi ameniunga mkono mbele ya watu wote, akagonga meza kabisa. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia tuhesabu kila kitu bila kumwonea mtu haya, ila godauni la nyuma tuliache kwanza.