Baga yenye Pasipoti

Sisi wa Minneapolis na Saint Paul tunahimizwa tusome lebo kabla ya kununua baga za friza. Tumesoma. Imeandikwa 80/20, yaani mafuta asilimia 20. Sheria ya Marekani inaruhusu hata 30. Haya, mafuta tumeyajua. Ukoo wa ng'ombe je?

Mwaka 2007 Cargill, kampuni yenye makao hapa hapa pembezoni mwa Minneapolis, iliziondoa sokoni baga zenye bakteria wa E. koli. Boksi lilijinadi: Angus, chaguo la mpishi! Gazeti la New York Times lilipofuatilia mwaka 2009, likakuta mchanganyiko wa nyama za Nebraska, Texas, South Dakota na Uruguay. Watu wanasotea viza miaka nenda rudi, kumbe kinofu cha kiganjani kimevuka mipaka bila hata usaili!

Wakaidi huenda bucha la Kisomali, wakachagua paja, likasagwa mbele ya macho yao. Boksi hakuna, sifa hakuna, mpishi mchaguzi hakuna. Washamba hao, waacheni. Nyie waungwana someni lebo. Mwandishi wake kajitahidi kuliko mpishi.