Duara na Nukta

Nilijiunga na skauti nikiwa kidato cha pili hapa Mombasa, kwa sababu moja tu: kila walipokuja wageni skuli, sisi wengine tulibaki darasani na hesabu, na maskauti walitolewa nje kupiga saluti na kunywa soda. Habari za uongozi na ujasiri nilizisikia nikiwa nimeshavaa kaptula. Skafu alinishonea mama kutoka kwenye foronya ya kijani. Jasho la kwanza tu likaitoa rangi, nikashinda siku mbili na shingo ya kinyonga.

Wiki hiyohiyo tukafundishwa kupeana mkono wa kushoto. Mwalimu alieleza kuwa shujaa hushika ngao kwa mkono huo, basi akiiweka chini ili akusalimie, amekuamini. Kisa hicho husimuliwa kuwa kimetoka kwa Waashanti wa Ghana. Kilinikolea. Jioni nikapita kwa babu, nikamkuta barazani na wazee wenzake. Nikaamkia shikamoo, akaninyooshea mkono wa kulia niubusu. Nikampa wa kushoto, kifua mbele.

Akautazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Huo ni wa chooni, mjukuu wangu. Wa pili umevunjika?"

Nikaanza kumweleza mambo ya ngao. Akasema ngao haioni, anaona mkono. Mzee mmoja alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Hilo dogo. Baadaye tukajifunza alama za njia. Kikosi kimoja hutangulia kikiacha alama chini, kingine hufuata. Mshale, pita huku. Vijiti viwili vilivyopishana, usipite. Duara lenye nukta katikati, nimekwenda nyumbani. Hapo mchezo umekwisha. Jumamosi moja nikapewa niongoze vijana sita. Wenzetu walikuwa wametangulia na mwalimu hadi chini ya mbuyu mmoja kando ya bahari, pamoja na sufuria la pilau. Sisi hatukuambiwa ni wapi, alama zingetufikisha.

Tulianza vizuri: mshale wa chaki, wa vijiti, wa mawe. Tulipofika kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya msikiti nikaliona duara. Duara safi, limechorwa kwa kidole, katikati lina kishimo. Pembeni watoto watatu wamechuchumaa, wanatukodolea macho. Nikapiga magoti, nikalikagua.

"Jamaa, wamekwenda nyumbani," nikatangaza.

Mmoja wetu akauliza mbona hata saa tano haijafika. Nikamwambia skauti hutii alama. Mara mtoto mmoja akanigusa bega.

"Kaka, umekalia gololi yangu."

Nikaitoa chini ya goti, nikamrudishia, nikampigia na saluti. Hata hapo akili haikunijia. Tukatawanyika, kila mtu kwao. Mimi nikala muhogo, nikalala.

Mwalimu alitungoja mpaka pilau ikapoa, kisha akaanza kututafuta, nyumba hadi nyumba, mpaka magharibi. Kwetu alipokelewa na mama, ambaye hakuwa na habari kwamba nimepotea. Alinisikia nikikoroma chumbani. Nilihukumiwa kusugua sufuria lile. Ukoko wenyewe ulikuwa umeshaliwa.

Februari iliyofuata tukapanda basi kwenda Nyeri. Kila mwaka, karibu na tarehe 22, maskauti hukusanyika huko kuadhimisha siku aliyozaliwa Baden-Powell, yule Mwingereza aliyefanya kambi ya kwanza mwaka 1907 kisha akaja kuzeekea Nyeri, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa hapohapo. Uzeeni watu wengine hutafuta joto. Yeye alichagua baridi ile. Sisi wa pwani tulishuka tukitetemeka. Mimi nilivaa sweta mbili na leso ya mama kiunoni, chini ya shati, asione mtu.

Tukapangwa mstari mbele ya kaburi, kofia mikononi, kimya. Nikainua macho kwenye jiwe. Limechongwa duara, na katikati nukta.

Nikahisi kikosi kizima kimenigeukia. Kutoka nyuma ikaja sauti ya chini:

"Kiongozi, hebu angalia kwanza kama hakuna gololi."

Nikacheka kwa sauti mbele ya kaburi la mwanzilishi. Zamu ya sufuria ikawa yangu tena, siku zote tatu za safari, na maji ya Nyeri ni barafu.