Fulana Iliyotalii

Fulana nyekundu ilitoka kwenye robota la mitumba sokoni Bule, katika nyanda za juu za Djugu, mashariki mwa Kongo. Ilifuliwa, ikaanikwa. Chini ya kamba alikuwa amefungwa mbuzi jike mzee, mwenye ndevu kama za katibu wa sheferi. Kifuani fulana iliandikwa LABADEE, na mnazi umechorwa pembeni.

"Shikamoo, Mama," ikasema. "Uniwie radhi kwa kukudondoshea maji. Mimi nimezoea pwani."

"Pwani ya ziwa, kule Tchomia?"

"Karibea, Mama! Kisiwani! Nilinunuliwa na familia ya Wamarekani, wazazi na watoto wawili. Walishuka melini asubuhi. Baba akanivaa, akafungwa kwenye waya, akateleza juu ya bahari karibu mita 800 huku akipiga mayowe."

"Alikuwa anafukuzwa na nani?"

"Hakufukuzwa. Alilipa."

Mbuzi akacheua polepole. Jambo hilo lilihitaji muda.

"Na wenyeji je, mwanangu?"

"Wenyeji?"

"Kila nchi ina wenyewe."

"Kulikuwa na soko dogo la vinyago. Baada ya hapo ni seng'enge na walinzi. Jioni tulirudi melini."

Fulana haikudanganya, ilisema ilichoambiwa. Labadee si kisiwa. Ni rasi iliyo pwani ya kaskazini ya Haiti, ambayo kampuni ya Royal Caribbean imeikodi tangu miaka ya 1980. Kwa miaka mingi abiria waliambiwa wanakwenda Hispaniola, jina la kisiwa kizima chenye Haiti na Jamhuri ya Dominika, na neno Haiti likamezwa njiani. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliubomoa mji mkuu, Port-au-Prince. Siku tatu baadaye meli ilitia nanga Labadee kama kawaida. Ilishusha chakula cha msaada, tuseme kweli, kisha ikashusha na watu wa kuogelea.

"Haiti!" Mbuzi alilidaka neno lililomezwa, akainua masikio. "Mzee wa nyumba hii hachoki kuwasifu. Baada ya uhuru wa 1960, Wabelgiji walipokwenda zao, walimu wa Haiti walikuja kufundisha Kongo. Kumbe unatoka kwa mwalimu, nami nakuita mgeni!"

"Familia yangu haikunieleza."

"Ingekueleza nini? Imefika asubuhi, imeondoka jioni. Watalii wa namna hiyo hata hapa tunao. Wanakuja na magari meupe, wamevaa vizibao vya mifuko mingi. Wanauliza kambi iko wapi, wanahesabu vibanda, wanapiga picha, wanamshika mtoto mmoja kichwani. Saa nane dereva anaanza kutazama barabara ya Bunia."

"Basi mna seng'enge pia?"

Mbuzi hakujibu upesi.

"Ya kwenu ilikuwa ya kumzuia nani?"

"Wenyeji, wasiwaingilie wageni."

"Hapo Savo, karibu na Bule, wakimbizi walikuwa wamejenga vibanda vya maturubai kwa maelfu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wanamgambo wa CODECO waliwaingilia na mapanga na bunduki. Waliouawa walikuwa kama 60. Kambi ya walinda amani haikuwa mbali. Hiyo ndiyo yenye seng'enge."

Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye pindo, tone moja moja.

Mvulana wa nyumba hakungoja fulana ikauke. Aliivaa na ubichi wake, ikamfika magotini, akamfungua mbuzi wampeleke malishoni, yaani yeye na kaka yake mwenye fimbo. Njiani gari jeupe lilikuwa limesimama. Mgeni mmoja aliona kile kifua chekundu, uso ukamchangamka.

"Labadee! Mimi na watoto tulishinda pale siku nzima. Kisiwa kizuri mno!"

Akampiga picha mvulana, fulana, na nusu ya mbuzi. Dereva akapiga honi. Ilikuwa saa nane kasorobo.