Saa Tatu za Maabara ni Saa Moja

Kuna hesabu moja imenishinda, na mimi ndiye mtu wa sayansi. Katika vyuo vikuu vyetu vingi hapa Kenya, saa 3 za maabara huhesabiwa kuwa saa 1 ya mhadhara. Si mzaha, ni kanuni. Mwenzangu wa chumbani, anayesomea historia, akikaa darasani saa moja anaandikiwa saa moja. Mimi nikisimama saa tatu nzima nikidondosha asidi kutoka kwenye bureti tone kwa tone, miguu ikavimba, naandikiwa saa moja vilevile. Einstein alisema saa ya mtu anayekwenda kasi mno hupungua mwendo. Kuhusu mtu aliyesimama na njaa hakusema kitu.

Na hiyo njaa ndiyo kesi yenyewe. Maabara huanza saa tano na kuisha saa nane. Mesi hufungwa saa nane. Aliyepanga ratiba hiyo hajawahi kushika pipeti, nitaapa mahali popote. Unafika mbio, dastikoti likipepea, unaonyeshwa sufuria zilizosuguliwa zikang'aa. Mlangoni unapishana na yule wa historia akichokonoa meno, anakwenda kulala. Chuo Kikuu cha Embu kiko karibu na kwetu Gachoka, ningepata hata mtu wa kuniletea githeri, lakini mtambo wa kupangia wanafunzi vyuo ulinirusha mbali. Chuo chenyewe sikitaji. Bado nasubiri matokeo.

Jioni mwenzangu akiamka ananiuliza kwa upole mbona sishiriki maisha ya chuo.

Maisha ya chuo! Hiyo ni mila ya kurithi. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Nairobi ikafuata mwaka 1961, hazikuja shahada peke yake. Yalikuja majoho, meza ya wakubwa, mijadala, na imani kwamba msomi ni mtu anayesoma kitabu asubuhi kisha alasiri ana nafasi ya kubishana na wenzake. Alasiri sisi tunarudi maabarani, safari hii fizikia. Klabu ya mijadala, kwaya, mazoezi ya mpira, vyote hukutana sisi tukiwa tumeinamia waya. Hata uongozi wa wanafunzi tumewaachia watu wa sanaa na sheria. Si kwamba hatuna la kusema. Kampeni zilipopita dirishani tulikuwa tunahesabu nzi.

Nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka embe bovu. Huko New York, mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan alimwona mmoja mwenye macho meupe, na kazi aliyoifanya kwa wadudu hao kuhusu kromosomu na urithi ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Sisi tunarudia yaleyale bila tuzo. Kazi iko kwa majike: ni lazima uwatenge na madume kabla ya saa 8 kupita tangu watoke kwenye kifuko chao, la sivyo watakuwa wameshakutana na jaribio zima limeharibika. Nzi hajui Jumapili. Kwa hiyo wenzangu wakienda ibadani mimi niko zamu, nalinda ubikira wa nzi. Mchungaji aliniuliza ninakopotelea. Nikamwambia nina majukumu.

Shosho yangu huniita mume wangu, kwa kuwa nimerithi jina la marehemu babu. Likizo iliyopita alitaka kujua ninachosomea hasa, nikamweleza yote. Akaendelea kuchagua ndengu kwenye ungo, kisha akasema, "Mume wangu, yaani tuliuza mbuzi ukafuge nzi? Hapa msimu wa maembe tunao bure."

Huyo angalau alisikiliza. Wengine waliona dastikoti langu jeupe kwenye kamba ya nguo na hiyo ikawatosha. Kufikia jioni nilikuwa nimeletewa goti la jirani, mbuzi aliyegoma kula, na redio isiyokamata stesheni. Mzee mmoja, shavu limejaa muguka, akataka nimweleze kwa nini stima hukatika Gachoka ilhali mto Tana umezibwa huku kwetu kwa mabwawa, Kamburu, Gitaru na mengine, na Gitaru peke yake ni megawati 225. Nikaanza habari ya nyaya na transfoma. Akanikatiza: "Sema tu hujui, kijana."

Na yule wa historia? Kwao alialikwa kuwa mshereheshaji wa harusi. Akalipwa, akala, akafungiwa na nyama ya kubeba.

Basi nawaomba wanaotunga kanuni: saa tatu ziandikwe tatu. Hilo likiwashinda, mesi ifungwe saa tisa. Na nyinyi majirani zangu wa Gachoka, mbuzi mgonjwa mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Mimi ni wa nzi.