Sifa za Pasi Mropokaji

Hakuna chombo cha nyumbani kinachotukanwa kama pasi ya mvuke iliyoanza kelele. Friji lingurume usiku kucha, huitwa friji zima. Feni ilielie juu ya kichwa cha mgeni, mgeni huombwa radhi mara moja na mazungumzo huendelea. Lakini pasi ikikoroma, ikatema mate juu ya kanzu ya Ijumaa na kugongagonga tumboni kama mwenye vijiwe, mashtaka hayakawii: imechoka, ni feki, itupwe, inunuliwe nyingine. Makala haya yanasimama upande wa mshtakiwa. Utetezi wake ni mmoja: katika nyumba iliyojaa vitu vinavyoharibika kimyakimya, pasi yenye kelele husema ukweli kuhusu hali yake, huusema mapema, na haidai malipo. Kila sauti yake ina maana, na mwenye kuielewa maana hiyo amekwisha kufanya nusu ya matengenezo kabla hajashika bisibisi.

Kwanza tukumbuke kwamba pasi haikuzaliwa na mdomo. Henry W. Seeley wa New York alipopata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882, alichobuni kilikuwa chuma cha kupashwa moto, na chuma kikavu hakina la kusimulia. Mdomo ulikuja na maji, pale kampuni ya Eldec ya huko huko New York ilipoanza kuuza pasi ya mvuke mwaka 1926. Tangi la pasi ya leo hubeba kama mililita 300, yaani kikombe kikubwa cha chai. Maji hayo yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, yakawa karibu lita 500: mapipa mawili na nusu, yapite yote kwenye vitundu visivyopitisha hata njiti ya kiberiti. Anayetaka mapipa mawili na nusu yapite humo asisikie chochote, hataki pasi, anataka karama. Maji hudondoka tone baada ya tone kutoka tangini, hupita kwenye vali ndogo, huangukia chumba cha mvuke kilicho juu tu ya bamba la moto. Kila tone huiba joto. Nukta zilizo kwenye kitufe, zile zile zilizo kwenye lebo ya shati, zina hesabu yake: moja ni nyuzi joto 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Mtu akiogopa kuunguza poliesta, akaweka nukta moja na bado akauacha mvuke wazi, joto huzidiwa na matone, nayo hutoka yalivyo. Hapo ndipo pasi hukoroma, kisha hutema mate. Anayeisikia ikikoroma akaunyanyua mkono, akafunga mvuke au akaongeza joto kama kitambaa kinastahimili, hatapata doa. Mate ni adhabu ya aliyepuuza mkoromo.

Hata joto likizidi, tone lina ukaidi wake. Johann Gottlob Leidenfrost, daktari wa Kijerumani, aliandika mwaka 1756 jinsi tone la maji juu ya chuma cha moto kupita kiasi lisivyokauka mara moja, bali huelea na kukimbiakimbia juu ya mto wa mvuke wake lenyewe. Mpika chapati anayerushia chuma matone ya maji kupima moto amekuwa akiyaona hayo bila kuandika kitabu. Ndiyo maana ndani ya chumba cha mvuke watengenezaji hupaka utando wenye mikwaruzo, ili tone lishikwe badala ya kuteleza. Utando ukichakaa, tone hurudia ngoma yake, na pasi hutatarika na kutema hata ikiwa kwenye nukta tatu. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kupandisha joto na bado anasikia mate asipandishe tena: ameambiwa kwamba ugonjwa haupo kwenye kitufe, uko tumboni.

Na tumboni humo kuna mgeni mwenye nasaba ndefu. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya Unguja vimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yanayopenya kwenye mawe hayo huyalamba kidogo kidogo na kubeba chokaa isiyoonekana kwa macho, ingawa sabuni huijua mara moja na kugoma kutoa povu. Yakipashwa moto, chokaa huachana na maji na kuganda kama ukoko chini ya sufuria. Mababu walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea kuta za Mji Mkongwe. Wajukuu wanajenga ukuta wa jamii ile ile ndani ya pasi, bila kibali cha ujenzi wala mwashi. Ukoko huo hupitisha joto kwa shida, huziba vitundu, na vipande vyake vikibanduka hucheza ndani kama kokoto kwenye kayamba. Wengine husikia kayamba hiyo wakadhani skrubu imelegea, wakafungua pasi nzima, wakabaki na skrubu mbili za ziada mezani. Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa pasi imegeuka kinyume, kwamba usipobomoa ukuta utapata ufa. Kubomoa kwenyewe si kazi ya fundi. Jaza tangi, ipashe pasi hadi nukta tatu, chomoa plagi, ishike juu ya sinki ikiwa imelala, fungua mvuke hadi mwisho na uitikise mbele na nyuma mpaka vumbi jeupe liishe. Mara moja au mbili kwa mwezi inatosha, na kila siku tangi limwagwe kazi ikiisha, pasi isimamishwe wima ipoe. Ukoko sugu huyeyushwa na asidi ya limau ya unga iliyokorogwa kwenye maji, au siki iliyozimuliwa, kwa mchemko mdogo wa hewa ya kaboni dioksidi unaosikika vizuri kabisa. Ila kijitabu cha maelekezo kisomwe kwanza, kwa sababu kuna pasi ambazo siki hula mipira yake. Kukamulia ndimu moja kwa moja tangini hakufai, kwani sukari na nyama ya tunda huungua humo. Maji ya betri ndiyo kabisa yasisogezwe karibu, maana tindikali ikidhaniwa maji, kitakachoharibika hakitakuwa chokaa peke yake. Mwenye maji yenye chokaa nyingi ayachanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, na kayamba itachelewa kurudi.

Sauti nyingine huonewa zaidi. Zile pasi kubwa zenye tangi la pembeni husukuma maji kwa pampu ya sumaku, pistoni ikienda na kurudi kwa mapigo ya umeme wenyewe, mara 50 kwa sekunde kwa umeme wetu wa Afrika Mashariki. Pampu yenye maji huvuma kwa adabu, kwa sababu maji huituliza. Tangi likikauka, adabu huisha na meza nzima hutetemeka. Hapa mtukanaji hukimbilia methali ya debe tupu haliachi kutika, akidhani amemaliza kesi. Kumbe amemsaidia mshtakiwa. Debe hilo ni tupu, linasema ni tupu, na linaomba maji kabla pampu haijaungua. Ni wangapi kati yetu, tukiwa watupu, hutangaza hivyo tukaomba kujazwa? Kuna pia ile tik ndogo ya themostati, kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja, moja ikitanuka kuliko mwenzake hata kipande kikajipinda na kukata umeme. Hiyo si ya kutengenezwa, ni ya kusikilizwa. Pasi ya wati 2,000 ikiachwa ile moto mfululizo nusu saa humaliza uniti nzima ya umeme wa Luku, na kila tik inayozima taa yake ndogo inasema moto umetosha, fanya kazi kwa joto lililopo. Sauti isiyovumiliwa hata dakika moja ni ile ya kutatarika shingoni, pale waya unapoingia kwenye mpini na kupindwa kila siku. Nyuzi za shaba zimeanza kukatika ndani ya ganda, na cheche zinaruka. Hapo swichi ya ukutani izimwe, plagi ichomolewe, waya ubadilishwe mzima, usifungwe utepe. Na ili isitatarike tena, waya usizungushiwe kwenye pasi ikiwa bado ya moto.

Ipo sauti moja ambayo hata adui wa pasi hana budi kuipenda, nayo ni ule mfyonzo mrefu wa mvuke unaopenya kwenye nguo ya pamba. Kote katika nchi zetu kuna nzi hupenda kutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Mayai huanguliwa, funza huingia ngozini, na baada ya siku chache mtu huona jipu lenye mkazi ndani yake. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakitoa somo la wadudu, lakini wangekubali ushahidi huu. Dawa inayojulikana ni joto la pasi, ndani na nje ya nguo, hasa kwenye mishono na mikanda ambako mayai hujificha. Lucian wa Samosata, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, aliandika sifa za nzi zenye ufasaha mkubwa. Yaonekana hakuwahi kuanika shati lake kivulini kwenye masika ya Morogoro. Angekuwa amefanya hivyo, sifa zile angeihamishia pasi, na angefurahia kelele yake, kwa kuwa mvuke unaosikika ukipenya mshononi ni mvuke unaofanya kazi. Ukinyamaza ghafla, vitundu vimeziba, na mshono unapita bila kukaguliwa.

Wapo watakaojibu kwamba ngoma ivumayo haikawii kupasuka, na kwamba kelele ni mwanzo wa kifo. Ni kweli kwa ngoma, kwa sababu mvumo wa ngoma ndio unaoichosha ngozi. Kelele ya pasi haiidhuru pasi. Inaeleza kile kinachoidhuru. Aliyezima redio wakati wa tangazo la kimbunga hakukizuia kimbunga. Wengine watasifu pasi kavu, kwamba hudumu miaka na haisemi neno. Sifa ya kudumu tunaikubali bila ubishi, kwa kuwa kisicho na maji hakina chokaa, vali wala pampu ya kufa. Lakini pasi kavu ikizidi moto haikoromi wala haitemi. Habari huletwa na pua, na pua huja ikiwa umbo la pasi limekwisha kuchorwa kifuani mwa shati. Wazee nao wataleta pasi ya mkaa ya dobi, nzito, tulivu, yenye jogoo wa chuma kwenye kifunga chake. Jogoo huyo ni mzuri wa sura, ila kwa muda wote aliokaa juu ya makaa hakuwika hata siku moja. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala sauti, inayoua watu waliofunga madirisha wakidhani wanazuia baridi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na huo ni mmojawapo. Anayesema kwamba pasi ya mvuke huamsha watoto alfajiri ana haki ya kusikilizwa, mradi akumbuke kwamba zinazopigwa pasi saa hiyo ni sare zao.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mtu mwenye pesa kidogo na fundi mtaani: kwa nini kujifunza lugha ya pasi wakati kuna anayeweza kuinyamazisha kwa bei ya soda mbili? Jibu liko ndani ya pasi yenyewe. Karibu na bamba kuna fyuzi ya joto, kitu kidogo kilichotengenezwa ili kife siku themostati itakaposhindwa kukata moto, na kikifa pasi yote huzimika. Fundi mwenye haraka hukitoa, huunga waya moja kwa moja, akakurudishia pasi inayowaka vizuri. Kama ugonjwa ulikuwa kwenye themostati, basi hata ile tik haipo tena. Pasi hiyo imepona kelele zote: haina wa kuhesabu moto na haina wa kuukata. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kitakachoumbuliwa ni meza, pazia na pengine nyumba. Mafundi wazuri wapo, wanaoweka fyuzi ya joto inayolingana na ile iliyokufa na kutafuta kilichoiua. Kuwatofautisha na wenzao si vigumu. Ukiipeleka pasi kibandani, usimwombe fundi ainyamazishe; mwulize ilikuwa inasema nini. Akikujibu, mlipe alichotaja bila kupunguza hata shilingi. Asipojua, irudishe nyumbani na kelele zake zote, usiizibie masikio yako, na uanze na chokaa.