Kufagia Nyuzi Katika Nyumba ya Kupanga

Ukitaka kupima subira ya majirani, usiwakope chumvi wala usiwaachie mtoto wakulelee. Nunua gitaa la umeme, halafu uanze kujifunza kufagia nyuzi. Chumvi watakusamehe, na mtoto watamlea. Lakini noti zilezile nne, zikipanda na kushuka tangu magharibi mpaka taarifa ya habari, zikikwama kila mara mahali palepale, zimenikatia salamu na watu niliokaa nao kwa wema miaka mingi.

Kwa asiyejua, kufagia ni hivi. Mpiga gitaa wa kawaida akitaka noti za haraka, piki yake, kile kijipande cha kuchapia nyuzi, huenda chini, juu, chini, juu. Kila noti na pigo lake. Anayefagia huiteremsha piki mara moja tu, ikapita nyuzi tatu, nne au tano kwa mwendo mmoja usiokatika, na kila uzi ukatoa noti moja. Ikifika chini, inarudi juu kwa mwendo uleule. Ndiyo maana ukiwatazama mabingwa kwenye video unawaona wametulia, macho wameyafumba nusu, mkono wa kulia hauna haraka yoyote, na noti zinamwagika bila hesabu. Kwa mtu mvivu hakuna tangazo zuri kuliko hilo.

Tangazo halionyeshi mkono wa kushoto. Huko ndiko kuliko na kazi. Kila kidole kinatakiwa kibonyeze uzi wake piki inapopita, kisha kiachie papo hapo, ili noti ile ife kabla ya mwenzake kuzaliwa. Kikichelewa kuachia, noti zote zinalia kwa pamoja, na mtu wa nje anasikia kodi (noti kadhaa kwa mpigo mmoja) ndefu iliyopigwa na mlevi. Kikiwahi kuachia, unapata mkwaruzo mtupu. Huo mkwaruzo, ukipitia kwenye amplifaya iliyofunguliwa disto, ile sauti ya kukwaruza ya roki, unavuka kuta mbili za matofali bila kupungua.

Mambo haya hayakuanza jana. Wapiga jazi wa Marekani, akina Les Paul, Tal Farlow na Barney Kessel, walikuwa wakiiburuza piki namna hii tangu miaka ya 1950, ila walifanya kwa adabu, noti chache hapa na pale. Aliyeifanya somo kamili ni Frank Gambale, Mwaustralia aliyekwenda kusoma katika chuo cha gitaa kule Hollywood akaishia kufundisha hapohapo; mwaka 1988 alitoa kanda ya video ya mafunzo iitwayo Monster Licks & Speed Picking. Kufikia hapo vijana wa roki nzito walikuwa wameshaichukua na kuipakia umeme. Yngwie Malmsteen wa Sweden, aliyetoa albamu ya Rising Force mwaka 1984, alitaka gitaa lifanye yale aliyoyafanya Paganini kwa fidla. Paganini alifariki mwaka 1840, kabla ya amplifaya na kabla ya nyumba yetu hii yenye choo cha pamoja, kwa hiyo sioni kwa nini mimi ndiye nilipe gharama ya mawazo yake.

Lakini aliyenipoteza hasa ni Jason Becker wa California. Alitoa Perpetual Burn mwaka 1988, hata miaka ishirini hajafika, na mle ndani kuna kibao kinaitwa Altitudes ambamo anafagia nyuzi mpaka unatafuta gitaa la pili limejificha wapi. Hakuna la pili. Haukupita muda akapatwa na ALS, ugonjwa wa neva unaonyang'anya misuli nguvu zake, ukamchukulia mikono na sauti. Leo anazungumza kwa macho, kwa mpangilio wa herufi uliobuniwa na baba yake, na bado anatunga muziki. Tangu nisome habari hizo nimeacha kukilalamikia kidole changu cha mwisho mbele za watu. Faraghani naendelea.

Na kidole hicho kina kesi ya kujibu. Zoezi ambalo walimu wengi huanzia ni A maina ya nyuzi tatu: uzi wa tatu freti ya 14, wa pili freti ya 13, wa kwanza freti ya 12. Mpaka hapo hata bibi angeweza, maana vidole vimejipanga vyenyewe. Halafu kidole cha mwisho kinatakiwa kinyooke kutoka hapo kiende kugonga freti ya 17 bila msaada wa piki, kisha kikwanyue uzi kikiondoka, urudi 12, 13, 14. Kutoka freti ya 12 hadi ya 17, kwenye gitaa langu, ni karibu sentimita nane. Kidole changu cha mwisho kimeishi maisha yake yote kikisindikiza wenzake kwenye kikombe cha chai. Hakijawahi kutumwa popote peke yake, na sasa kinaambiwa kisafiri sentimita nane kwa kasi, kifike kwa nguvu, kirudi.

Nyuzi tano ni balaa lingine. Pale uzi wa nne na wa tatu zote zinadaiwa freti ya 14, na kinachohusika ni kidole cha pete kwa zote mbili. Kinabonyeza uzi wa nne kwa ncha, kisha kinabingirika na kujilaza kwenye uzi wa tatu huku kikiinua ncha ili uzi wa nne unyamaze. Ukisoma ni rahisi. Kidole changu kikishajilaza, kimelala kweli, kama mlinzi wa zamu ya usiku: nyuzi mbili zinapiga kelele chini yake na chenyewe hakina habari.

Kwa kuwa shida kubwa ni nyuzi zinazolia bila kutumwa, watu wametafuta dawa. Dawa rasmi ni kiganja cha kulia kulala juu ya nyuzi nene piki inaposhuka, na vidole vya kushoto kugusa zile nyembamba. Dawa ya njia ya mkato ni kuifunga shingo ya gitaa karibu na mwanzo wa nyuzi. Michael Angelo Batio, Mmarekani mwenye gitaa la shingo mbili, ana kifaa chake maalumu cha kazi hiyo. Wasio na kifaa huvalisha shingo mpira wa nywele, ule mnene wa kitambaa. Nyumbani kwangu upo mmoja, na mwenye mpira huo alikuwa anajiandaa kwenda kwenye sendofu. Aliutafuta kitandani, chini ya kitanda, kwenye mkoba, kisha akasimama mbele ya gitaa, mikono kiunoni.

"Hivi na gitaa nalo linasuka?"

Nikahamia kwenye soksi. Soksi inanyamazisha nyuzi vizuri kuliko mpira, hilo nalithibitisha. Tatizo la soksi ni kwamba hutembea kwa jozi, na ile niliyoichagua ilikuwa ya shule. Jumatatu asubuhi kijana wangu alikwenda shule mguu mmoja mweupe, mmoja wa bluu, na aliporudi alinieleza kwa heshima kwamba mwalimu wa zamu amesema baba aache muziki anunue soksi.

Nije kwenye metronomu, kifaa cha kuhesabia midundo. Ni vigumu kujifunza kufagia nyuzi bila metronomu, kwa sababu mkono peke yake huharakisha pale parahisi na kuchelewa pale pagumu, kisha unajidanganya kwamba hayo ndiyo mahadhi. Unaanza na midundo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila mdundo, unapanda taratibu. Mimi naitumia ya kwenye simu. Na simu yangu iliwahi kuunganishwa bila waya na sabufa ya jirani wa chumba cha pili, siku ya sherehe ya mwanawe, nilipopewa heshima ya kuweka miziki. Sherehe iliisha, watu wakaondoka, mimi nikasahau. Sabufa haikusahau.

Ikawa siku ya Simba na Yanga. Jirani alikuwa na wageni chumba kizima, wanasikiliza mpira kwa simu yake kupitia sabufa. Dakika za mwisho akapigiwa, akatoka na simu hadi barabarani kwa ajili ya mtandao. Sabufa ikabaki mjane, ikatazama kushoto na kulia, ikaishika simu yangu. Mimi chumbani nikaona metronomu imenyamaza ghafla. Nikaongeza sauti. Bado kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Upande wa pili wa ukuta, mtangazaji akiwa amekatwa katikati ya neno, kukaingia tik, tik, tik, tik, mabati yakitetemeka. Niliambiwa baadaye kwamba mmoja alidhani refa anahesabu dakika za nyongeza. Mwingine, mtu wa tahadhari, alikuwa ameshachukua viatu vyake. Goli lilifungwa katika muda huohuo na hakuna aliyelisikia. Lilikuwa la nani sisemi, bado naishi hapa.

Jirani alibisha hodi akiwa mpole kupita kiasi, jambo linalotisha kuliko matusi. "Ndugu yangu, hii saa yako inapiga nini?" Nilimwonyesha simu. Akaitazama, akanitazama mimi, akalitazama gitaa lenye soksi. Hakusema neno. Kesho yake alinunua sabufa inayotumia waya.

Aliyekuja kuniokoa alikuja kwa hasira. Mtaani kwetu yupo mzee aliyepiga gitaa la solo katika bendi za dansi enzi hizo, na kwake duniani amepita mpiga gitaa mmoja tu, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki mwaka 1979. Waliobaki wote ni wanafunzi watoro. Alisukuma mlango kwa fimbo. Nikampa shikamoo, akaipokea nusunusu, akakaa kitandani.

"Piga hicho unachopiga."

Nikapiga. Nyuzi tano, kwenda na kurudi, kwa kasi niliyoiona inafaa mbele ya mgeni. Akasubiri ukimya urudi.

"Kijana, kuna mtu anakukimbiza?"

Akalichukua gitaa, soksi akaivua kwa ncha za vidole akaitupa pembeni. Piki hakuitaka. Akapiga kwa gumba na shahada, kitu chepesi cha sebene kinachozunguka palepale, noti zake fupi, kavu, kila moja imekatwa kabla haijachacha. Hapo nikaona nilichokuwa nakitafuta kwa akina Gambale. Sebene na kufagia ni vitu viwili tofauti kabisa, na mzee hajawahi kufagia maishani mwake. Lakini kuikata noti kwa mkono wa kushoto, vidole kupwaya tu bila kuruka juu, alikuwa nako kwa wingi, na mimi sikuwa nako hata kidogo.

"Vidole vyako vichoyo," akasema. "Vikishika haviachi. Punguza sauti. Punguza mwendo. Na hiyo disto izime, unajifichia humo."

Huyo ndiye mwalimu bora niliyempata, na nasema hivyo nikijua kuna mafunzo ya kulipia niliyoyatazama hadi mwisho wa kifurushi. Disto kweli ni maficho. Inazisawazisha noti hafifu na zile zenye nguvu, kwa hiyo kidole kilichogonga kwa uvivu kinasikika sawa na kilichogonga kwa bidii. Ukiizima unabaki na mbao, nyuzi na ukweli. Nilipoizima, zile noti nilizodhani ni saba zilikuwa nne na vishindo vitatu.

Mzee naye hakuondoka hivihivi. Aliomba piki "aone hayo mambo ya Wazungu yanakwendaje", akafagia mara moja kwa nguvu za dansi, na uzi wa kwanza ukakatika ukamchapa mkononi. Akautazama. Akasema nyuzi za siku hizi ni utando wa buibui, akadai nauli, ingawa anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilimpa. Kariakoo nako nikatakiwa kununua seti nzima ya nyuzi sita kwa sababu ya ule mmoja, kisha muuzaji akataka kunipatia na soksi.

Sasa nafanya hivi: amplifaya imezimwa kabisa, metronomu kwenye 60 kupitia spika ya sikioni, nyuzi tatu tu, na ninasikiliza ukimya ulio kati ya noti kuliko noti zenyewe. Mama mwenye nyumba alinisimamisha uani akauliza kama gitaa nimeliuza. Nyuzi tatu zinatoka safi. Nyuzi tano bado ni kodi ya mlevi, ila mlevi huyo ameanza kupata fahamu.

Wewe unayetaka kuanza, usianze na nyuzi tano, wala usinunue amplifaya kubwa kabla ya kidole cha pete kujua kubingirika. Na mtu akikuambia amejifunza kufagia kwa wiki moja, usibishane naye. Mwombe azime disto, kisha apige tena.